Bao Halina Bahati



Wapendwa wasomaji, juma hili tunaanza na ungamo. Tangu Pasaka ilipopita tumeshindwa mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, tena si faraghani bali mchana kweupe, barazani, mbele ya wazee, wachukuzi wa mizigo, muuza kahawa na watoto wanaotoka madrasa. Tunazungumza juu ya mchezo wa bao. Tumeanza kujifunza tukiwa na umri wa miaka arobaini na kitu, na tunaona ni vema kuwashirikisha yale tuliyoyapata katika kushindwa huko, kwa sababu yanawahusu wengi ambao hawajawahi kugusa kete.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Jioni moja tulikuwa tukirudi kwa miguu kutoka kwa mgonjwa, tukapita katika uchochoro mmoja wa Mchafukoge, ng'ambo hii ya Mnazi Mmoja, ambako wazee huketi kila alasiri na bao lao. Tukawaamkia, "Shikamoo, wazee." Wakaitikia, "Marahaba, Padri. Karibu kiti. Bao unalijua?" Tulijibu kwamba tunalijua. Kwa hakika tulichokijua ni vishimo tulivyochimba ardhini utotoni tukichunga mbuzi, na jibu letu lilikuwa na kiburi ndani yake. Tulipewa nafasi mbele ya mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa yake taratibu. Kabla kikombe hakijapoa tulikuwa tumefungwa mkononi, yaani tumeshindwa hali kete za kuanzia zingali zimejaa kiganjani mwetu. Watazamaji walicheka. Sisi tulicheka pia, ila kicheko chetu hakikutoka moyoni.

Juma lililofuata tulipita njia nyingine. Tunalisema hili kwa sababu ndilo kiini cha tafakari yetu. Hatukuogopa mchezo, tuliogopa kuonekana hatuwezi.

Siku ya tatu au ya nne tulirudi, tukashindwa tena, na yule mzee akatuambia neno ambalo hatujalisahau: "Padri, wewe unacheza peke yako. Mimi sipo?" Tukamwuliza maana yake. Akasema, "Unatazama utakachokula. Hutazami nitakachokula mimi."

Kwa faida ya vijana wetu ambao hawajakaa barazani, tueleze kidogo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne zenye mashimo manane kila moja, na kete 64, ambazo kwa desturi ni komwe. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32. Mchezo unapoanza, kete 10 za kila upande huwa zimewekwa kwenye bao, sita kati yake zikiwa katika shimo kubwa la mraba liitwalo nyumba, na 22 hubaki mkononi. Kipindi cha kwanza ni cha namua: kila zamu mchezaji hutia kete moja katika shimo la safu yake ya mbele, na shimo la mwenzake linalotazamana nalo likiwa na kete, huzila na kuzisambaza upande wake. Mkono ukiisha, huanza kipindi cha mtaji, ambapo kila mmoja huendesha vita kwa zile kete zilizomo kwenye bao, bila nyongeza. Atakayemaliza safu ya mbele ya mwenzake, au kumwacha bila mchezo wa kucheza, ndiye mshindi.

Katika maelezo hayo hakuna mahali pa bahati. Hakuna dadu ya kurusha, wala karata iliyofunikwa. Kila kilichopo kinaonekana na wote wawili, na hata kete zilizo mkononi mwa mwenzako unaweza kuzihesabu ukitaka. Ndiyo maana kushindwa katika bao kunauma: huna wa kumsingizia. Lakini ndiyo maana pia kushindwa katika bao kunafundisha. Kila kipigo kina mahali kilipoanzia, na mahali hapo panaweza kuonyeshwa kwa kidole.

Basi, tumejifunza nini hadi sasa?

Kwanza, tumejifunza kutazama upande wa pili. Anayeanza akiona nafasi tatu za kula, huchagua ile yenye kete nyingi. Sisi tulifanya hivyo kwa majuma kadhaa. Sheria ya bao humlazimisha mchezaji kula pale anapoweza kula, lakini mara nyingi humwachia uchaguzi wa wapi ale na kete azielekeze wapi. Swali la kujiuliza si "nitapata ngapi?" bali "zikiisha kusambaa, safu yangu ya mbele itakuwa imesimama namna gani mbele ya mwenzangu?" Kete za safu ya nyuma haziliwi; za mbele ndizo zinazoliwa. Aliyejaza safu ya mbele kwa tamaa amemwandalia mwenzake karamu.

Pili, tumejifunza habari ya nyumba. Nyumba hukusanya kete kadiri mchezo unavyokwenda, na mwenye nayo ana haki ya kusimama hapo asambazapo baada ya kula. Sisi wanafunzi tuna makosa mawili juu yake. Wengine huivunja mapema, wakafurahia safari moja ndefu ya kete kuzunguka bao, kisha wakabaki bila pa kupumzikia. Wengine huing'ang'ania, wakiipenda kwa wingi wake, mpaka mwenzao anailia pale pale na mchezo unakwisha. Sisi tulikuwa wa kundi la pili. Mzee wetu alisema, "Nyumba ni ya kutumia, Padri, si ya kutazama." Kujua saa ya kuiacha nyumba ni kazi ya miaka, na hatudai kuwa tumefika.

Tatu, tumejifunza kuandaa kipindi cha mtaji wakati tungali katika namua. Katika mtaji, shimo lenye kete moja haliwezi kuanzisha mchezo. Lazima ziwepo mbili au zaidi. Anayeanza hutumia kete zake 22 kana kwamba hazitakwisha. Zikiisha, hujikuta amesambaa kila mahali, kete moja hapa, moja pale, na hana pa kuanzia. Si kwamba ni maskini wa kete. Pengine anazo nyingi. Ila hazina mpango.

Nne, nasi tunaliona hili kuwa kubwa kuliko yote, tumejifunza kutoinuka mara tu baada ya kushindwa. Mwanzoni, tukifungwa tuliaga haraka na kusingizia kazi za parokia. Sasa tunauliza: "Mzee, umenifunga wapi?" Naye hurudisha kete nyuma, moja moja, mpaka pale tulipokosea. Jambo la kushangaza ni kwamba mahali hapo karibu kamwe si pale tulipodhani. Tulidhani tumeshindwa alipokula nyumba yetu. Kumbe tulishindwa zamu nne kabla ya hapo, kwa hatua ndogo ambayo hatukuitilia maanani hata kidogo.

Wapo wanaosema kwamba mabingwa wa bao huzaliwa hivyo, na wengine hunong'ona habari za hirizi na dawa. Tunaheshimu fumbo la vipaji, lakini ushahidi uliopo unaelekea kwingine. Mwaka 1946 Mholanzi Adriaan de Groot alichapisha utafiti wake juu ya wachezaji wa sataranji. Aliwaonyesha mpangilio wa mchezo kwa sekunde chache tu, kisha akawataka waupange upya kwa kumbukumbu. Mabingwa waliupanga karibu wote. Wachezaji wa kawaida walikumbuka sehemu ndogo. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon wa Marekani walilirudia jaribio hilo kwa kuongeza jambo moja: waliweka vipande ovyo ovyo, pasipo mpangilio unaotokana na mchezo wa kweli. Hapo ubora wa mabingwa ulikaribia kutoweka kabisa. Kumbe hawakuwa na kumbukumbu ya ajabu. Walikuwa na macho yaliyozoea, yaliyokwisha kuona maelfu ya michezo, hivyo pale sisi tunapoona vipande ishirini wao huona sura nne au tano wanazozifahamu.

Bao nalo limepata mtafiti wake. Alexander de Voogt, Mholanzi vilevile, aliwafuata mabingwa wa Zanzibar na mwaka 1995 akachapisha huko Leiden kitabu kizima juu ya ubingwa wa bao. Ugumu wa bao una namna yake: katika sataranji hatua moja huhamisha kipande kimoja, au viwili katika nafasi maalumu, lakini katika bao zamu moja yaweza kugusa karibu kila shimo la upande wako na kubadili sura yote. Hata hivyo mzee wetu hutazama, hutia kete, na mkono wake huenda bila kusita kama mkono wa mama apetaye mchele. Hatudhani ni uganga. Ni miaka hamsini ya kuketi barazani.

Wahenga wetu walilijua hili, na ndiyo maana walimwandalia mwanafunzi ngazi ya kupandia. Lipo bao liitwalo bao la kujifunza. Humo kila shimo huwekwa kete mbili tangu mwanzo, hakuna za mkononi, na wachezaji huingia moja kwa moja katika mtaji. Ni rahisi zaidi kulishika. Sisi tulipoelekezwa tuanzie hapo tuliona haya, kwa kuwa tulidhani ni la watoto. Tulipoteza majuma matatu kwa haya hiyo. Asiyekubali kuanzia chini hukaa chini muda mrefu zaidi.

Vijana wetu wa parokia, waliposikia habari zetu, walicheka na kutueleza kwamba wao nao wana bao lao katika kompyuta. Wanacheza michezo ya vita na mipango ambamo hakuna kungoja zamu: wote wawili hukusanya mali, hujenga na kupigana kwa wakati mmoja, saa ikienda. Mmoja wa michezo hiyo, StarCraft, uliotoka mwaka 1998, ulipendwa Korea Kusini kiasi cha kupata wachezaji wa kulipwa na mashindano ya kuonyeshwa katika televisheni. Tulimwuliza kijana mmoja anayeucheza, "Aliyeanza jana apate wapi nafuu?" Jibu lake lilitustaajabisha kwa kufanana na la mzee wetu. Alisema kwamba anayeanza hukazia macho pambano moja, akasahau kujenga nyumbani na akasahau kutuma mtu akapeleleze mwenzake anafanya nini. Akaongeza kwamba mchezo huweza kuhifadhiwa na kutazamwa upya, lakini wengi wakishindwa huufuta na kuanza mwingine papo hapo, wakiwa na hasira. "Anayetazama alipopigwa ndiye anayepanda," alisema. Tukamwambia kwamba kuna mzee huko mtaani ambaye ndiye chombo chetu cha kuhifadhia mchezo.

Ndugu zangu, sasa tuje kwenye jambo linalotuumiza.

Miezi michache iliyopita alitujia kijana mmoja wa jumuiya yetu ndogo, mchuuzi wa viatu katika mitaa ya Kariakoo. Alikuwa amepoteza mtaji wake wote katika kubeti. Fedha za miezi saba za kusimama juani zilikuwa zimekwenda katika mikeka ya mpira. Tulipomwuliza ilikuwaje, alisema, "Padri, nilikaribia sana. Mechi moja tu ndiyo iliyochana mkeka." Tukamwuliza, "Na mara zote ulizopoteza, umejifunza nini?" Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Hakuna cha kujifunza, Padri. Ni bahati tu."

Jibu hilo lilikaa nasi siku nyingi. Alikuwa ameshindwa mara nyingi kuliko sisi, na kwa gharama kubwa mno, lakini hakuwa na hata kipigo kimoja alichoweza kukirudisha nyuma kete kwa kete na kusema, "Nilikosea hapa." Kushindwa kwa namna hiyo hakujengi kitu. Tena kulifanyika gizani, katika simu, mahali ambapo hakuna mtu wa kumcheka na kwa hiyo hakuna mtu wa kumfundisha. Hapo ndipo tulipouona ubaya wa aibu. Aibu ile ile iliyotupitisha sisi njia nyingine ndiyo iliyomfungia yeye chumbani na simu yake.

Tulimsimulia yule mzee habari hizi pasipo kutaja jina. Naye, ambaye kwa miaka mingi aliuza mbegu za mboga katika Soko Kuu la Kariakoo, alitueleza habari zake za moto wa tarehe 10 Julai 2021. Bidhaa zake ziliteketea usiku ule pamoja na za wengine wengi. "Asubuhi," alisema, "niliona mkono umekwisha. Basi nikajiuliza kama ninavyojiuliza hapa: wapi nina kete mbili?" Alikuwa na mdeni mmoja mwaminifu, na alikuwa na rafiki mwenye ghala aliyekubali kumpa mzigo kwa mali kauli. Hizo ndizo zilizokuwa kete zake mbili. Akaanzia hapo.

Hatukusema kitu. Tulijua kwamba lugha yetu ililitunza fundisho hili siku zote, kwa kukiita kipindi kile kigumu cha bao kwa jina lile lile la fedha ya kuanzia biashara. Mtaji si wingi wa ulicho nacho. Mtaji ni pale unapoweza kuanzia.

Wapo watakaotulaumu. Watasema kwamba baraza za bao ni vijiwe vya wavivu, na kwamba padri ana kazi nyingine. Lawama hiyo ina chembe ya ukweli, kwa maana chochote kizuri huweza kumla mtu akisahau nyumba yake. Lakini tumeona barazani pale adhana ya magharibi ikilia, kete huachwa zilivyo, wazee wakaenda kuswali na sisi tukarudi kusali Masifu ya Jioni. Mchezo unaojua saa ya kukoma si mvivu. Tena tukumbuke kwamba Mwalimu Nyerere, mtu ambaye hakuna atakayemwita mvivu, alilipenda bao, na picha zake akiwa ameliinamia zinajulikana na wengi. Tena uwanja ule wa Mnazi Mmoja, ambao enzi za ukoloni uliachwa wazi kuwatenga wakazi wa Kiasia na wa Kiafrika, leo tunauvuka kwa miguu dakika chache tu ili Mkristo aketi na Mwislamu na mwenye duka wa Kihindi, wakibishana juu ya komwe. Hatulioni hilo kuwa dogo.

Kwa hiyo tumeamua yafuatayo, nasi tunaomba ushirikiano wenu. Kuanzia Dominika ijayo, baada ya Misa ya pili, mabao mawili yatawekwa chini ya mwembe katika uwanja wa parokia. Tumewaalika wazee wanaolijua waje wafundishe, wa parokia na majirani zetu. Kutakuwa na sheria tatu. Hakuna fedha itakayowekwa. Aliyeshindwa hainuki mpaka ameonyeshwa aliposhindwa, na aliyeshinda hainuki mpaka amemwonyesha. Na watazamaji wanaruhusiwa kucheka wachezaji wanapokuwa hodari, lakini anayeanza hachekwi.

Sheria hii ya tatu tunaisisitiza, kwa sababu sisi watazamaji tuna dhambi kubwa kuliko tunavyodhani. Ni mara ngapi mtu mzima aliyetaka kujifunza kusoma noti katika kwaya amechekwa siku ya kwanza asirudi tena? Ni mara ngapi baba amekwepa kusoma somo Kanisani kwa kuhofia kuchekwa akijikwaa? Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nasi twaongeza kwamba asiyemwachia mwenzake nafasi ya kushindwa kwa heshima hamwachii nafasi ya kujifunza.

Yule kijana mchuuzi amekuja barazani mara mbili. Mara ya tatu tulimngoja hakuonekana, na tulimtafuta kwa simu tusimpate. Juzi alikuja tena, akafungwa upesi, akasimama aondoke. Mzee akamwambia, "Kaa, mjukuu wangu. Hujaniuliza nimekufunga wapi." Akakaa. Hatujui atakaa mara ngapi, wala hatuwezi kumwahidi mtu yeyote kwamba kete zitamponya. Tunamwombea, nanyi mmwombee.

Sisi wenyewe tungali tunashindwa. Ila jana, wapendwa, tulimfikisha yule mzee kipindi cha mtaji, akaweka kikombe chake cha kahawa chini na kutumia mikono yote miwili. Kisha akatufunga. Tukamwuliza wapi.

Tukutane juma lijalo. Tumsifu Yesu Kristo.